Kurasa za Mwisho Juu ya Keki

Nyie vijana mtakaoyasoma haya, kwanza kaeni vizuri. Mie si mtu wa shule. Utotoni nilisoma kidogo nikatolewa, na kusoma kwenyewe nilikujua nilipokwisha olewa, kwenye kisomo cha watu wazima, nina mtoto mgongoni na chaki mkononi. Kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, nyamazeni, endeleeni. Na asitokee mtu akaipiga picha karatasi hii akaiweka kwenye simu yake, akaandika chini yake kwamba imemgusa. Kama imekugusa sema imekugusa wapi. Kama hujui wapi, haijakugusa.

Neno hilo linanitia kichefuchefu. Nawaeleza kwa nini.

Ninakaa Mtoni, huku Temeke, kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Nimo na mwanangu, mkewe, na watoto wao. Ukuta wa pili alikuwa anakaa jirani yangu, mtu wa bara, muuguzi mstaafu, mama wa kanisani. Tulianza kwa kugombana, maana kuku wake walikuwa wanakuja kuchakura kwangu, nami nikawa namrushia maneno juu ya ukuta. Baadaye wale kuku waliliwa na kicheche, ugomvi ukakosa kazi, tukawa marafiki. Kisha kisukari kikamla macho. Kilianza na jicho moja, kikahamia la pili, mpaka akawa ananijua kwa kikohozi.

Alikuwa na kitabu kimoja, hadithi, alikinunua kwa wale wanaotandika vitabu kwenye turubai pale sokoni Tandika, macho yake yangali mazima. Hakuwahi kufika mbali nacho. Siku moja akaja nacho kwangu, akakiweka magotini pangu, akasema, "Jirani, wewe kisomo chako umekifanyia nini toka umekipata?"

Nikamwambia nimekifanyia kusoma bei na dawa za panya.

"Basi nisomee."

Ndivyo tulivyoanza. Nikishaswali alasiri, yeye anakuja na fimbo yake, anakaa barazani kwenye kiti cheupe cha plastiki, kile chenye mikono, namimina chai ya tangawizi isiyo na sukari, nasoma. Nasoma kwa kidole, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Neno likiwa gumu nalirudia. Yeye hakunicheka hata mara moja. Nikikosea ananiambia tu, "Rudi hapo, pana jiwe."

Hadithi ilikuwa ya ndugu wawili, wanawake, walionuniana kwa sababu ya nyumba ya baba yao. Wamenuniana mpaka mmoja akifiwa mwenzake haendi. Sasa mkubwa akapata ugonjwa, akaishiwa nguvu, hana pa kwenda ila kwa huyo mdogo. Tukasoma safari yake yote. Tukafika pale anaposhuka kwenye gari, anabeba begi lake, anasimama mlangoni kwa mdogo wake, anapiga hodi. Ndani anasikia nyayo zinakuja, kisha zinasimama. Hapo ukurasa ukaisha na adhana ya magharibi ikaingia.

"Kafunguliwa?" jirani akauliza.

"Sijui. Kesho."

"Jirani, usinifanyie hivyo. Funua kidogo tu."

"Kitabu hakionjwi kama mchuzi. Kesho."

Akaondoka ananung'unika, nami nikakiweka kitabu kwenye kabati la vyombo, juu kabisa. Zilikuwa zimebaki kurasa chache sana.

Kesho yake haikufika. Alfajiri ikaja habari ya msiba Mbagala, kwa ndugu wa marehemu mume wangu, nikachukua kanga zangu nikaenda. Kule nikalala juma zima, maana msiba wa ndugu huendi ukaondoka na sahani ya pilau mkononi kama mpita njia. Niliporudi, kabla sijaingia kwangu, nilipita kwa jirani kumpa pole ya upweke. Nikamkuta amekaa kitandani, nguo zake zimepangwa kwenye begi.

Akaniambia watoto wake wamekaa kikao kwenye simu, wameamua. Hapa Dar hakuna wa kushinda naye. Jumapili alfajiri anapanda basi kwenda Bukoba, kwa mdogo wake.

Nilikuwa najua habari za huyo mdogo wake. Toka walipomzika baba yao, wale hawajawahi kusemeshana. Kisa ni kihamba, shamba la migomba la baba yao.

"Yeye amekubali?" nikauliza.

"Watoto wanasema amekubali. Mie hajaniambia mwenyewe." Akawa anaikanda mikono yake. "Jirani, najua kitabu ni cha uongo, mtu kakaa kakitunga. Lakini nataka kujua yule mwanamke alifunguliwa au hakufunguliwa. Sitaki kufika pale mlangoni nami sijui."

Nikamwambia, "Leo hii hii nakusomea."

Nikaingia kwangu. Sebule imejaa wanawake, viatu vyao vimeziba mlango, sambusa zimetandazwa mezani pangu, na mke wa mwanangu katikati yao na jagi la juisi ya ukwaju. Nikakumbuka. Kikundi chao.

Kikundi hicho kilianza na mchezo wa vyombo. Kila mwezi wanamnunulia mmoja masufuria, mwezi mwingine mwingine. Walipojaza masufuria kila nyumba, akatokea mwenyekiti wao, mwenye duka la vipodozi, akawaambia watu wa maana siku hizi wanakutana kwa ajili ya vitabu. Basi wakahamishia mchezo ule ule kwenye vitabu. Kila mwezi mmoja ana zamu, analeta kitabu, kinaitwa kitabu cha mwezi, kinazunguka nyumba kwa nyumba, kisha kinafanyiwa shughuli ya kukipongeza. Sikuwahi kuwaingilia. Mtu mzima akitaka kupongeza karatasi, shauri lake.

"Shikamoo mama," wakaniamkia pamoja.

"Marahaba. Endeleeni."

Nikavuta kigoda, nikakaa kupumzisha miguu. Walikuwa kwenye ile sehemu yao ya kuelezana kila mtu anasoma nini na anafurahia nini. Aliyekuwa anasema ni mmoja mwenye miwani ya mapambo.

"Mie kwa sasa nasoma kitabu cha mwanamke aliyejitambua. Jamani, kimenigusa. Kimenigusa mno."

"Kinahusu nini?" nikauliza.

"Kinahusu kujitambua, mama."

"Kwani alikuwa amepotea?"

Wakacheka, wakadhani natania. Aliyefuata akasema yeye hasomi, anasikiliza kwenye simu, kitabu kizima kimefupishwa, unakimaliza huku unasuka. Akatusikilizisha. Ile sauti ilikuwa inakimbia, maneno yanakanyagana, kama kuku anayekabwa.

"Huyo anayesoma anafukuzwa na nani?" nikauliza.

"Nimeiongeza spidi, mama. Ili nivimalize vingi."

"Ukivimaliza?"

"Naanza vingine."

Mwingine akatoa simu akatuonyesha picha. Kitabu kimelazwa juu ya shuka la satini, pembeni chupa ya marashi na kikombe cha kahawa. Chini ameandika kwamba hapa ndipo roho yake inapopumzika. Nikakitazama kile kitabu kwenye picha. Bado kilikuwa kwenye nailoni yake ya dukani. Nikahisi mate yananijaa kinywani, yale ya mtu anayetaka kutapika.

Mwenyekiti akaniona uso. Akaniegemea, kucha zake ndefu zimeshika sambusa kwa ncha kama mtu aliyeokota mende. "Lakini mama, wewe unatufaa sana. Kitabu cha mwezi huu kimetoka kwako. Tunakifurahia wote."

"Kitabu gani kutoka kwangu?"

Mke wa mwanangu akawa anaangalia jagi. "Kile cha kwenye kabati, mama. Ilikuwa zamu yangu, na wewe ulikuwa msibani. Nikasema nikiazime tu."

"Si changu kile. Cha jirani."

"Kizuri mno, mama," mwenyekiti akasema. "Zambarau na dhahabu."

"Zambarau na dhahabu ni nini?"

"Jalada lake. Tumepata rangi ya sare ya shughuli kutoka pale pale."

"Na ndani?"

"Ndani kinafundisha."

"Kinafundisha nini?"

"Kina mafunzo mengi."

Nikawageukia wote. Nikawauliza swali moja, kwa upole kabisa, maana nilikuwa na shida ya kweli. "Kimezunguka nyumba zenu. Niambieni basi, mwishoni yule dada mkubwa alifunguliwa mlango?"

Wakatazamana. Mwenye miwani akasema alifunguliwa, wakakumbatiana, wakalia. Wa simu akasema hapana, aliolewa. Wa satini akafikiri kidogo, akasema alimwachia Mungu. Na wote watatu walisema kwa sauti ya mtu anayejua, macho makavu, kinywani sambusa yangu. Nikainuka nikaenda kutema mate uani.

Mnisikilize vizuri hapa. Mtu asiyesoma simchukii. Mama yangu mzazi hakujua hata herufi moja, na alikuwa mtu mwenye akili timamu kuliko mimi. Kinachonitia kinyaa ni mtu anayekupongeza kwa chakula ambacho hajakitia mdomoni. Chakula hicho kitaoza mbele yake na bado atajilamba midomo.

Niliporudi nikauliza kitabu kiko wapi. Mke wa mwanangu akajibu kwa sauti ndogo. Jalada liko kwa fundi wa nguo, alilihitaji ili vitenge vilingane rangi. Cha ndani kiko kwa mpika keki, ili aone umbo, maana keki itakuwa na mfano wa kitabu.

"Mmekichinja," nikasema. "Ngozi kwa huyu, nyama kwa yule."

"Kitarudishwa, mama," mwenyekiti akasema. "Shughuli ni Jumamosi. Baada ya hapo tunakibandika vizuri."

Jumamosi. Na basi la Bukoba Jumapili alfajiri.

Nilimtuma mke wa mwanangu saa ile ile. Akarudi na jalada peke yake, limetobolewa na pini pembe zote na chaki ya fundi imechorwa katikati. Mpika keki alikuwa amefunga duka, simu haipokei. Kesho yake vivyo hivyo. Mwanangu alipotoka kazini akajifanya msuluhishi. "Mama, ni kitabu tu. Nenda Tandika ukamnunulie kingine kama hicho."

Nikaenda. Nikamkuta kijana wa turubai, nikamwonyesha jalada. Akaligeuza, akakuna kichwa, akasema hicho kilikuwa kimoja na hajakiona tena. Kisha akaona uso wangu, akataka kunisaidia. "Ila bibi, vya zambarau vipo vingi. Chagua tu."

Mpaka wauza vitabu.

Jirani nilimwambia kweli yote. Sikumficha. Akasikiliza, akashusha pumzi. Hakumtukana mtu. Akasema tu, "Mie huko hospitali tulikuwa tunamwambia mgonjwa mwisho wake kabla hajauliza. Nilidhani ni ukatili. Kumbe kutojua ndiko kubaya zaidi." Toka hapo hakuuliza tena, na hilo likanichoma kuliko kama angeniuliza.

Jumamosi kadi ya shughuli ilisema saa tisa. Nikajifunga kanga zangu, nikaenda ukumbini. Mlangoni amesimama msichana kavaa zambarau na dhahabu toka kilemba mpaka kiatu.

"Shikamoo bibi. Sare yako iko wapi?"

"Marahaba. Sijaja na sare."

"Bila sare watu hawaingii, bibi. Ndiyo utaratibu."

"Umekisoma kitabu chenyewe?"

"Mie nimeajiriwa mlangoni tu."

"Basi wewe huna kosa. Sogea."

Akasogea. Ndani muziki unanguruma, maputo yamening'inia, viti vimevishwa vitambaa na vishada vya zambarau, na wanawake wanacheza kwa kupokezana huku wanatuzana noti. Meza kuu imepambwa maua. Mwili wa kitabu umekaa kwenye sinia, hauna jalada, umefungwa utepe wa dhahabu kama mkaja wa mzazi. Nikafungua utepe nikafunua mwisho. Kurasa za mwisho hazimo. Zimekatwa kwa wembe, zimebaki nyuzi.

Nikainua macho, nikaiona keki.

Ilikuwa kubwa kama godoro la mtoto mchanga, imechongwa mfano wa kitabu kilichofunguliwa. Na pale juu, zilipotakiwa kuwa kurasa za krimu, mpika keki alikuwa ameweka kurasa za kweli. Zile zile. Amezilaza kushoto na kulia, kingo amezipaka krimu zisipeperuke, akazizungushia vishanga vya sukari vya zambarau. Katikati ya maandishi kaweka waridi kubwa la sukari, jekundu, na lilikuwa limeanza kuyeyuka kwa joto la ukumbi, utomvu wake unatambaa juu ya maneno. Nzi alikuwa anatembea kwenye mistari. Nadhani katika ukumbi mzima yeye peke yake ndiye aliyekipitia kile kitabu.

Nikashika kona ya karatasi.

Mshereheshaji akaniona, akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabinti, naona bibi yetu kazidiwa na njaa, anataka kukata keki kabla ya mwenyekiti."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akaja mbio, viatu vinamlemea. "Mama, jamani, unatuaibisha. Watu wanarekodi."

"Nani alikata kurasa hizi?"

"Mpika keki. Nilimwambia mimi."

"Kwa nini za mwisho? Kitabu kina kurasa ngapi, hamkuona nyingine?"

Akanitazama kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Mama, mwisho ndio utamu wa kitabu. Ndiyo maana nikasema uwekwe juu."

Nikawa naibandua karatasi taratibu, nyuma yake inang'oka na keki kama ngozi ya kidonda. Krimu ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa inanuka siagi iliyochacha. Lile waridi likakataa kutoka, likabaki limeganda juu ya maandishi. Kurasa mbili nikazilaza kwenye sahani ya karatasi, nikachukua na mwili wa kitabu.

"Sasa keki itakaaje?" mwenyekiti akauliza, na nilimwona machozi yanamlenga. Yale yalikuwa ya kweli. Kwa keki.

"Itakaa kama keki," nikamjibu. "Endeleeni kufurahia."

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama nyuma ya nguzo kwenye sare yake mpya. Hakunifuata wala hakunizuia. Nikatoka. Bajaji niliyoipata, dereva akaiona sahani, akasema, "Bibi, shughuli imependeza. Kipande changu kiko wapi?" Nikamwambia atazame barabara.

Jirani alikuwa barazani kwangu, kwenye kiti cheupe, jua bado lipo. Mtu hakumwambia akae pale. Akasikia kikohozi changu, akainua kichwa.

"Umekuja na harufu ya harusi," akasema.

"Nimekuja na mwisho wako. Usinichekeshe, mikono inanata."

Nikakaa. Nikaanza palepale tulipoacha, nyayo zimesimama nyuma ya mlango. Nikasoma yule mkubwa alivyosimama na begi lake, alivyotaka kugeuka, alivyoona gari limekwisha ondoka. Alivyosema jina lake kwa sauti, kama mgeni. Nikasoma mpaka komeo likasikika. Mlango ukafunguka.

"Kafungua," jirani akasema, kama anajiambia mwenyewe.

"Ngoja. Kuna anachosema."

Na hapo ndipo lilipokuwa waridi. Aliyefungua mlango anamtazama dada yake toka juu mpaka chini, anafumbua mdomo, anasema, halafu sukari. Nyekundu, nene, imeganda kama nta. Nikajaribu ncha ya kanga, karatasi ikaanza kuchubuka. Nikalowesha kidole, wino ukatishia kutoka na sukari.

"Kuna nini?" akauliza.

"Pamezibwa. Nikifuta patachanika."

Akafikiri. "Mtoto akiingiwa na kitu jichoni, wewe ulikuwa unakitoaje?"

"Kwa ulimi."

"Kwa nini kwa ulimi?"

"Kwa sababu haukwaruzi."

Akanigeuzia uso, ananisubiri. Nikamwelewa. "Hilo sifanyi," nikasema. "Nzi amekanyaga hapa. Mikono ya watu imepita hapa. Kuna mafuta yamechacha."

"Ningelamba mwenyewe, jirani. Lakini sukari ndiyo iliyonila macho."

Basi nikalamba. Nawaambia nyie vijana, katika umri wangu huu nimesafisha maiti, nimechomoa chango kwenye matumbo ya mbuzi, nimekanyaga maji ya mafuriko yaliyotoka vyooni, na sikuwahi kuona kinyaa kama kile. Utamu wake ulikuwa wa kukaba koo, chini yake ladha ya karatasi kuukuu na gundi. Nalamba, natema uani, narudi, nalamba tena. Ulimi ukawa mwekundu kama wa mtafuna tambuu.

"Na ulisema kitabu hakionjwi," jirani akasema.

"Nyamaza nisije nikatapika juu yake."

Maneno yakatokea, moja moja. Nikayasoma kwa kidole. Yule mdogo, baada ya miaka yote ile, amesimama mlangoni mbele ya dada yake, anamwambia, "Vua viatu. Nimetoka kupiga deki."

Ndiyo ilikuwa basi. Mistari iliyofuata ni mkubwa anainama kuvua viatu, na mdogo anambebea begi ndani. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyekumbatia mtu.

Jirani akainamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akashika kiti.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Mie mdogo wangu ni huyo huyo," akasema. "Kama atanifungulia, atanifungulia hivyo. Nilikuwa naogopa maneno, jirani. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia, siyapati. Kumbe mtu anaweza kuvua viatu tu."

Alfajiri watoto wake wakaja kumchukua. Begi nilimbebea mwenyewe mpaka kwenye gari. Kitabu hakukichukua. Alisema huko hana wa kumsomea, kikae nami, nikimalize mara nyingine na mtu mwingine mwenye masikio. Siku chache baadaye akanipigia simu. Nikasikia nyuma yake sahani zinagongana na sauti ya mwanamke anagomba.

"Jirani," akasema, "mie sikuambiwa nivue viatu. Huyu wa kwangu hapigi deki hata kidogo, nyumba chafu. Nimemwambia, na yeye kanijibu. Tunagombana toka asubuhi."

Nikajua kafunguliwa.

Wale wanawake walikula keki yao. Niliambiwa ilipendeza kwenye picha, na kwamba mahali nilipobandua karatasi walipaziba kwa maua. Mwezi huu wana kitabu kingine, cha kijani. Wanakifurahia wote. Mafundi wameshaanza kutafuta kitenge.

Mke wa mwanangu alikaa siku kadhaa akipita mbele yangu kama paka aliyeiba. Chakula ananiletea, shikamoo ananipa, macho hainui. Nilimwacha. Nikachukua uzi na sindano ya gunia, nikashona jalada na mwili, kurasa za mwisho nikazibandika kwa uji wa unga wa ngano. Sisimizi waliziandama, nikazipaka mafuta ya taa pembeni. Kikanuka mafuta ya taa, lakini kikawa kitabu.

Halafu jioni moja alikuwa uani anafua ile sare yake. Rangi inatoka, maji yote zambarau, mikono yake zambarau mpaka kwenye vifundo. Akaacha kusugua.

"Mama."

"Sema."

"Kwani yule dada alimfungulia?"

Nikamtazama. Alikuwa amebeba kitabu kile mkononi mwake, amekipitisha nyumba zote za kikundi, amekishonea nguo na kukichezea ngoma, na sasa ananiuliza mimi. Kinyaa kikanipanda tena, kile cha siagi. Lakini niliona pia kwamba lile lilikuwa swali lake la kwanza. Hakusema kimemgusa. Aliuliza.

Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa ameketi mlangoni na ambaye siku ile alinisikia nasoma, akafumbua mdomo kumjibu. Nikamnyooshea kidole, akaufumba. Nikamwita na mwanangu atoke chumbani, wakasimama wote uani, nikawaambia hivi: mtu yeyote wa nyumba hii asithubutu kumwambia mwisho, si baba, si mtoto, wala jirani akipiga simu. Yeye aoshe mikono hiyo mpaka rangi iishe, simu ailete chumbani kwangu, na kesho nikishaswali alasiri akae kwenye kile kiti cheupe, aanze ukurasa wa kwanza, asome kwa sauti mpaka mie nisikie, na hapo kitini asiinuke kuniambia kizuri wala kibaya mpaka afike pale mlangoni na yule dada mkubwa.